Nilivyowapigisha Watu Makofi kwa Bei ya Umeme

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua mliniacha wapi: nimesimama jikoni, redio inanitaja jina, na mke wangu ananitazama kama mtu aliyekuta chumvi kwenye chai.

Kwa aliyenunua gazeti hili leo ili afungie vitu vyake, halafu macho yakamponyoka akajikuta anasoma, nitasema kwa ufupi. Mimi ni mshereheshaji. Harusi, mahafali, uzinduzi wa duka, hata mtu akinunua pikipiki akataka shangwe, ananiita. Mtaani wananiita Kipaza. Mama mkwe wangu anasema jina limenikaa, maana hata nikinong'ona jirani anajibu.

Basi shirika la umeme likanialika niongoze kikao cha wananchi kuhusu bei mpya. Nikadhani ni shughuli kama shughuli nyingine. Msemaji wao akasoma bei, na ukumbi mzima ukanyamaza. Sasa mimi, ukumbi ukinyamaza, huwa naumwa. Nikafanya ninachofanya siku zote.

“Makofi kwa mgeni wetu, jamani! Wa nyuma siwasikii!”

Watu wakapiga. Nusu yao nilisherehesha harusi zao, mikono yao imenizoea. Kesho yake redio ikatangaza kwamba wananchi wa mkoa wetu wamepokea bei mpya kwa shangwe kubwa, na ushahidi ukawa sauti yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipo, jikoni.

“Wa nyuma siwasikii,” mke wangu akarudia taratibu, akazima redio. Kisha akaingia chumbani, na niliposikia vyuma vinagongana nikamfuata.

Mke wangu ni dobi. Ana pasi mbili za umeme, meza moja ndefu, na wateja wanaomwita Mama Pasi. Nilimkuta anazungusha waya kwenye pasi ya kwanza, mithili ya mtu anayemfunga mbuzi wa safari.

“Unakwenda wapi?”

“Kwa mama.”

“Kumsalimia?”

“Kupiga pasi.”

Hapo lazima niwaeleze jiografia. Mama mkwe anakaa ng'ambo ya daraja. Ng'ambo ni mkoa mwingine, na mkoa mwingine ni bei nyingine. Hela inayokupa uniti moja ya umeme kwetu, kule inakupa karibu mbili. Na mto wenyewe si mto wa kutisha. Jogoo wa kwao akiwika, sisi ndio tunaoamka.

Tofauti hiyo ilikuwepo hata kabla ya bei mpya, ila sasa imezidi, na undugu umefufuka ajabu. Watu ambao hawakuwa wamemwona shangazi yao tangu msiba wa mwisho, sasa wanavuka daraja kila wiki kumjulia hali, kapu la nguo za kunyoosha mkononi. Jirani yangu amegundua ana binamu kule. Anampenda sana huyo binamu. Anakwenda kumwona na simu za ukoo mzima, zote zimezima.

“Utakaa kwa muda gani?” nikamuuliza mke wangu.

“Mpaka bei ishuke, au wewe ujifunze kunyamaza. Sijui kipi kitatangulia.”

Akatoka. Na ile meza ndefu, nani alimbebea mpaka darajani? Mimi. Mwanamume anayekimbiwa na mkewe halafu akamsaidia mizigo, mkitaka kumwona, njooni kwangu.

Mchana mama mkwe akanipigia simu.

“Mkwe wangu, usiwe na wasiwasi. Mwanangu hajakukimbia wewe. Amekimbia bei.”

“Ahsante, mama.”

“Ila bei yenyewe ni wewe uliyeishangilia. Kwa hiyo kidogo amekukimbia na wewe.”

Niwaambie ukweli, nilimkosa mke wangu kuliko nilivyotarajia. Nyumba ilikuwa imezoea joto la pasi na harufu ya nguo safi, na yeye akiimba huku anagombana na kola za watu. Sasa ilikuwa na mimi tu. Nikaongea peke yangu mpaka nikachoka kujisikia, na mnajua si rahisi mimi kuchoka kujisikia.

Nikaamua kwenda mwenyewe kwenye ofisi za shirika, nikamrudishe mke wangu kwa njia ya haki. Lakini mtu haendi kudai haki na nywele za kichaka. Nikapitia kwa kinyozi.

Kinyozi ni rafiki yangu wa tangu enzi zile naye ana nywele. Akanifunga kitambaa shingoni, akaninyoa upande wa kulia vizuri kabisa. Kisha mashine ikanyamaza.

“Umeme umekatika?” nikamuuliza.

“Umeme upo.”

“Mashine imeharibika?”

“Mashine nzima.”

“Sasa?”

“Upande huo nimekunyoa kwa bei ya ng'ambo. Upande huu uliobaki uko mkoa wetu, ndugu yangu. Huu unasubiri makofi.”

Waliokuwa kwenye benchi wakapiga makofi. Na wa nyuma walisikika.

Nikavaa kofia, nikaenda hivyo hivyo. Mlangoni mwa shirika mlinzi akaninyooshea kidole.

“Kofia vua. Kamera lazima ikuone.”

“Kamera haitapenda.”

“Vua, mzee.”

Nikavua. Akanitazama upande wa kulia, akazunguka akanitazama wa kushoto.

“Pole sana,” akasema. “Malalamiko ni chumba cha mwisho.”

Chumba cha mwisho nikamkuta msemaji wao, yule yule wa kikao. Sisi tumempa jina: Bwana Ufafanuzi. Huyu ukimuuliza choo kiko wapi, kwanza anaomba atoe ufafanuzi. Lakini si mtu mbaya. Ana adabu, ana meno mazuri, na siku hiyo shati lake lilikuwa limenyooka hadi linatia wivu.

“Shati limekaa,” nikamsifu, ili mazungumzo yaanze vizuri.

“Kazi ya mke wako hiyo. Siku hizi nampelekea kule ng'ambo.” Akashusha sauti. “Kule ni nafuu.”

Nikavuta kiti, nikakaa.

“Nimekuja kurudisha makofi,” nikamwambia.

“Naomba nitoe ufafanuzi. Makofi hayarudishwi.”

“Wale watu hawakuwa wanaikubali bei. Walikuwa wananiitikia mimi.”

“Waliulizwa maoni, wakapiga makofi. Shirika haliwezi kuingia moyoni mwa mtu likajua kofi lake lilikuwa na nia gani.”

“Haya. Niambie basi kwa nini sisi tunalipa zaidi. Nyaya za umeme zinaanzia kwetu. Zinapita juu ya paa langu, ndipo zinavuka mto kwenda kwao.”

“Naomba nitoe ufafanuzi. Umeme ukisafiri, kiasi fulani hupotea njiani. Na njiani ndiko kwenu.”

“Kwa hiyo sisi tunalipia umeme unaopotea ukienda kwa wengine?”

“Ehee!” akafurahi. “Sasa tunaelewana.”

“Nani alipanga hivyo?”

“Shirika.”

“Nani ndani ya shirika?”

“Bodi.”

“Na bodi inamsikiliza nani?”

“Bodi inasikiliza wananchi.”

“Wananchi gani?”

Akanitazama kwa huruma. “Nyinyi. Si mlipiga makofi?”

Nikaona tumezunguka nyumba nzima tumerudi kwenye mlango ule ule. Damu ikanipanda kichwani, upande ulionyolewa ukawaka moto.

“Mimi sitaki mengi!” nikapaza sauti. “Nataka huku na ng'ambo tulipe bei moja! Basi!”

Bwana Ufafanuzi akaweka kalamu chini.

“Bei moja?”

“Bei moja.”

“Hiyo ni kauli yako kama mwananchi?”

“Kauli yangu, ya mke wangu, na ya mtaa mzima.”

“Hebu rudia, nikurekodi.”

Akanisogezea simu mdomoni. Ndugu zangu, kila mtu ana udhaifu wake. Kuna wanaoshindwa na pombe, kuna wanaoshindwa na kamari. Mimi nikisogezewa kitu cha kurekodia, siwezi kusema kawaida. Nikasimama, nikatanua kifua, nikairudia kauli ile kwa sauti ya ukumbini, na mwisho nikaongeza “ahsanteni sana”.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikatoka pale natembea kama bwana harusi.

Siku ya tatu, redio ikatangaza asubuhi. Shirika limesikia kilio cha wananchi. Tofauti ya bei ya umeme wa majumbani kati ya mikoa miwili inaondolewa, kufuatia ombi la mshereheshaji maarufu, Bwana Kipaza.

Mtaa ukalipuka. Watu waliokuwa wamenuna wakanikumbatia. Kinyozi akaja mbio na mashine yake, akapitisha waya dirishani kwangu, akanimalizia upande wa kushoto pale pale barazani, bure, huku ananiita mtetezi.

Nikampigia mke wangu na nywele bado ziko shingoni.

“Mke wangu, kusanya pasi, urudi nyumbani!”

“Wameshusha?”

“Bei ni moja sasa! Huku na huko!”

“Bei ipi?”

“Moja!”

“Nimesikia moja. Nakuuliza, ipi?”

“Moja ni moja!” “Nitakupigia,” akasema. Nilimwona ana roho ngumu, mwanamke asiyejua kufurahi na wenzake.

Taarifa ya jioni ikaleta nusu iliyobaki. Bei moja hiyo ilikuwa ya kwetu. Kuanzia mwezi ujao ng'ambo nao watalipa kama sisi.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mama mkwe, na hakusalimia.

“Mkwe.”

“Mama.”

“Mimi nilikukosea nini?”

Nilijaribu kueleza. Mwanamume akianza kumweleza mama mkwe mambo ya bodi na umeme unaopotea njiani, ajue ameshazama. Nilisikia nyuma yake sauti za majirani wakiuliza huyo mkwe wako anakaa nyumba gani, na mama mkwe, Mungu ambariki, akawaambia amesahau.

Kisha mke wangu akachukua simu. Hakufoka. Angefoka ningepumua.

“Sasa huku na huko bei ni ile ile,” akasema. “Sababu ya kukaa huku imekwisha. Ila sababu ya kurudi kwako bado sijaipata.”

Akakata.

Nikampigia Bwana Ufafanuzi.

“Nilitaka sisi tushushiwe!”

“Naomba nitoe ufafanuzi. Ulisema bei moja. Hukusema ipi.”

“Mtu gani ataomba mwenzake apandishiwe?”

“Nimeisikiliza kauli yako mara nyingi, neno kushusha halimo. Sauti nzuri lakini, hongera. Na kwa kweli nilikuwa nakutafuta. Jumamosi tuna kikao na wananchi wa ng'ambo kuhusu hiyo bei mpya yao. Tunakuhitaji jukwaani. Wakubwa wanapenda unavyowachangamsha watu.”

Nilitaka kumtukana. Nikasema nitafikiria, nikavuka daraja kwenda kumwambia mke wangu, maana kwa simu nilishajua sifiki mbali. Nilimkuta uani kwa mama yake, anapiga pasi suruali ya mtu. Hakuinua kichwa.

“Nenda,” akasema nilipomaliza.

“Nikawapigishe tena makofi?”

“Nenda ukaulize swali moja tu. Nani alipanga. Sitaki bodi, sitaki shirika. Nataka mtu mwenye miguu. Asimame mbele ya watu ajieleze, kwa nini sisi vile na hawa hivi, na kwa nini sasa wote juu. Ukiweza hilo, hata bei isiposhuka, mimi narudi nyumbani na pasi zangu siku hiyo hiyo.”

“Kweli?”

“Mama anasikia.”

“Nasikia,” mama mkwe akasema kutoka ndani. “Na meza utaibeba wewe.”

Jumamosi ikafika. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa shule, viti vya plastiki, feni za dari zimezimwa kubana matumizi. Ukumbi ulifurika. Hata wa mkoa wetu walivuka kuja kushuhudia, kinyozi akiwaongoza, na baadhi yao walikuwa na makapu ya nguo, kwa sababu bei ya zamani ya ng'ambo ilikuwa bado haijaisha na mtu haachi kitu kikapotea.

Mama mkwe na mke wangu walikaa mstari wa mbele.

Nilipanda jukwaani. Halikusikika kofi hata moja. Nikatazama vizuri, nikaona watu wote wamekalia mikono yao. Mama mkwe alikuwa amepita kiti kwa kiti akiwaagiza: mikono chini ya mapaja, mkwe wangu namjua.

Bwana Ufafanuzi akasoma bei. Akamaliza. Ukumbi kimya.

Mnakumbuka nilivyowaambia kuhusu mimi na ukimya. Nilisikia maneno yananipanda kooni yenyewe. Nikang'ata ulimi. Nikatazama dari, nikahesabu feni.

“Makofi,” Bwana Ufafanuzi akaninong'oneza.

“Sina,” nikamjibu.

Akashangaa, kisha akajichukulia kipaza sauti. “Basi, kwa kuwa hakuna aliyepinga, tunaona wananchi wameridhia. Tunawashukuru sana.”

Mama mkwe akasimama, akatengeneza mtandio wake bila haraka.

“Kijana, subiri kidogo. Wenzetu wa kule walipiga makofi, mkasema wamekubali.”

“Ndiyo, mama.”

“Sisi tumenyamaza, mnasema tumekubali.”

“Ndiyo, mama.”

“Sasa mtu anayekataa, kwenu huwa anakaaje? Tuonyeshe na sisi tukae hivyo.”

Ukumbi ukacheka mpaka viti vikalia. Bwana Ufafanuzi akajifuta jasho.

“Naomba nitoe ufafanuzi, mama…”

“Ufafanuzi baki nao. Mlete aliyepanga bei.”

Nikaona nafasi yangu. Nikachukua kipaza.

“Ndugu msemaji, swali ni hilo hilo na mimi nalirudia. Bei hii ilipangwa na mtu. Ni nani?”

“Ni mtaalamu wetu wa bei. Lakini ni mtu asiyependa kuonekana.”

“Na yuko wapi huyo asiyependa kuonekana?”

Bwana Ufafanuzi ana kasoro moja nzuri: ukimuuliza kitu chenye jibu fupi, linamtoka kabla hajalifafanua.

“Yuko nje kwenye gari,” akasema. Akajishika mdomo.

Ukumbi ukaguna.

“Nje hapa?” mama mkwe akauliza.

“Alikuja kujionea kikao, mama. Alifika mpaka mlangoni, akachungulia mstari wa mbele, akasema yeye atabaki garini.”

“Aliona nini mstari wa mbele? Wazee na wanawake?” Mama mkwe akatikisa kichwa. “Huyo mtu hana mama. Angekuwa na mama, angejua umeme mtu anaununua kwa jasho gani.”

Ndugu zangu, kuna kazi nyingi sizijui, lakini kumwingiza mtu ukumbini naijua. Nimewahi kumtoa bwana harusi chooni akiwa amejifungia, ameghairi kuoa, nikamfikisha mbele akicheza. Mtaalamu wa bei ndani ya gari angenishinda vipi?

“Wageni waalikwa, tusimameee!” nikaita kwa sauti yangu yote. “Wa mlangoni, fungueni milango yote miwili! Wa nje, msaidieni mgeni wetu kushuka! Anaingia mtu aliyetufanyia hesabu za majumbani mwetu bila sisi kumwomba! Tumpokeeee!”

Watu wakatoka mbio kama kuna pilau. Tukasikia mlango wa gari unafunguliwa, vigelegele, mtu anasema “niacheni nitatembea mwenyewe”. Walimleta wamemzunguka kama mwari.

Mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa namtazama mke wangu, na mke wangu alikuwa anacheka. Mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya redio, ananitazama mimi, anacheka. Nikasema moyoni, leo nabeba ile meza, na nitaibeba huku naimba.

Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Nikageuka. Mtu alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi. Suti nzuri, miwani myeusi, kichwa ameinamisha. Akavua miwani.

Alikuwa shemeji yangu.

Mke wangu ana kaka mmoja, mkubwa wake, fahari ya familia. Anafanya kazi makao makuu, na ukimuuliza mama mkwe kazi gani, anajibu kwa majivuno: “Mwanangu yuko kwenye hesabu.” Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza ni hesabu za nini. Mimi mwenyewe nilisherehesha harusi yake, na kwenye utambulisho nilisema yuko kwenye hesabu, watu wakapiga makofi.

“Shikamoo, mama,” akasema.

Mama mkwe hakuitikia. Ukumbi wote ulisubiri marahaba, haikuja.

Sauti ikapasuka kutoka nyuma. Kinyozi.

“Kumbe ndiyo maana ng'ambo ilikuwa rahisi! Ni kwa mama yake!”

Watu wa mkoa wetu wakaanza kupiga kelele. Na watu wa ng'ambo, wale wale waliokalia mikono yao kwa amri ya mama mkwe, wakamgeukia, wakawa wanamtazama kwa jicho jingine. Kufumba na kufumbua, yule mama aliyekuwa msemaji wao akawa mshukiwa.

Alizeeka mbele ya macho yangu. Sikuwahi kumwona mama mkwe hana la kusema, na sikupenda.

“Ni kweli?” hatimaye akamuuliza mwanawe. “Wale wa kule walilipia ili mimi nipate nafuu?”

“Mama, twende nyumbani nikueleze.”

“Bei uliwapangia watu wote. Kueleza utaeleza mbele ya watu wote.”

Shemeji akanitazama mimi. “Shemeji, tafadhali, funga kikao.”

Bwana Ufafanuzi akanijia sikioni haraka haraka. “Anayefunga kikao ni mshereheshaji. Ukisema kimefungwa, kimefungwa. Ongea neno moja tu, twende zetu.”

Mke wangu alikuwa ameshapanda jukwaani. Sikumwona anapanda. Nilimwona tu amesimama karibu yangu, machozi yamemjaa machoni, anavuta kamasi kama mtoto.

Nilikuwa nimefanya alichoniomba. Mtu mwenye miguu alikuwa amesimama mbele ya watu. Kilichobaki ni ajieleze, na mke wangu arudi nyumbani.

“Ni kaka yangu,” akasema kwa sauti ndogo, mbali na kipaza. “Ndiye aliyenisomesha. Watamla mzima hawa.”

“Nifunge?”

Akamtazama mama yake. Chini ya jukwaa, mama mkwe alikuwa amesogea mpaka kwenye ngazi. Mkono wake ulikuwa umenyooka kwangu.

“Mkwe,” akasema, “lete hicho kipaza.”

Nikaanza kuinama nimpe. Hapo mke wangu akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu, na mpaka leo ninapoandika haya siwezi kuapa kama alikuwa anauzuia au anausukuma.